Mzigo Usio na Kilo

Sogea karibu nikutegee kimoja, na leo usiitikie, wewe sikiliza tu. Mzigo wangu hauna kilo. Ni nini?

Usikimbilie kujibu. Na ukishindwa usinipe mji, maana miji iliyobaki ni michache na yote ina wenyewe. Kaa nacho hicho kitendawili mdomoni kama kipande cha muwa, ukimung'unye taratibu, nami nikusimulie safari yetu ya kutoka Nhambi kwenda Lango la Mhonga. Jibu lilitoka siku hiyo hiyo, alasiri, na hakulitoa mtu niliyemtegemea.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Jina langu Sechelela mnalijua, ila siku zile watu waliniita Mpimaji, na nilijisikia sana. Kijiji chetu chote kilikuwa kinahama. Visima vitatu viligeuka chumvi, cha nne tukakuta siku moja kimejaa nyuki waliokufa, wamekuja kutafuta maji wakayakosa. Tukaomba gari. Tukapewa gari moja, safari moja.

Mafuta wakati huo hayauzwi, mjukuu wangu. Yanapimwa. Wenye magari wanakamua mbegu za mbono huko kwao, wanatia kwenye tangi la gari kiasi kile tu kitakacholifikisha linakokwenda, wanapiga lakiri tangi lisifunguliwe. Wanataka kujua vitu viwili: ni mbali kiasi gani, na gari lina uzito gani. Ukiwaambia kilo elfu tano, unapewa mafuta ya kilo elfu tano. Tone la mwisho linaishia langoni. Huna la akiba, huna la kumwagia taa.

Na ndani ya gari anakaa Karani. Karani si mtu. Ni kisanduku cha rangi ya majivu, ukubwa wa redio ya kizamani, kimefungwa juu ya usukani. Dereva anashika usukani, lakini mwendo ni wa Karani. Mlango ni wa Karani. Kina sauti ya mtu mpole ambaye hakujui na hana haja ya kukujua.

Mimi nilichaguliwa kupima watu kwa sababu nilimaliza darasa la saba na nilijua kugawanya hata zile zenye baki. Mizani ilikuwa bamba la chuma mlangoni mwa gari. Mtu anakanyaga, namba inatokea, mimi naandika, anaingia. Mizigo hairuhusiwi ila nguo za mwilini na vyombo vichache vya wote. Mwisho napiga kidole gumba kwenye kioo cha Karani, na hesabu imefungwa.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na Bibi Nyemo.

Bibi Nyemo alikuwa mkunga wetu. Mfupi, mweusi wa kung'aa, anatembea kama anayekanyaga makaa. Hakuna mtu wa chini ya miaka arobaini pale Nhambi ambaye hakudondokea mikononi mwake. Naye ndiye aliyekuwa mlinzi wa jambo letu moja: kwetu mtoto hahesabiwi mpaka aache kubebwa. Mgeni akikuuliza una watoto wangapi, unamwambia wapo. Akikazania, unamwambia wapo wa kutosha. Mwaka mmoja, mimi sijazaliwa, walikuja watu na madaftari wakahesabu watoto wote nyumba kwa nyumba, na kabla uwele haujavunwa surua ilikuwa imepita nyumba kwa nyumba vilevile, kama iliyoazimwa daftari. Tangu hapo hakuna aliyethubutu. Na kumpima mtoto ni kumhesabu, tena kwa gramu.

Asubuhi ile alisimama kando ya bamba akaweka fimbo yake katikati.

"Mtoto hakanyagi hapa," akasema.

Nikamwambia kwa adabu kwamba bibi, mashine inataka kujua kila kitu kinachopanda.

"Mashine haijazaa," akasema, na wanawake wote nyuma yake wakaguna kumkubalia.

Basi tukafanya hivi. Mama anafika kwenye mizani, anamfungua mtoto mgongoni, anamnyoosha juu kwa yule aliyetangulia kuingia. Mtoto anapita hewani juu ya bamba, hagusi. Mama anakanyaga peke yake, naandika, anaingia, anampokea mwanawe. Wakapita hivyo wote, mmoja baada ya mwingine, wengine wanacheka wakidhani ni mchezo. Mizani haikuona kitu. Nami nilikuwa na wangu mgongoni, Mbeli, miezi kumi na mmoja, baba yake alitangulia ng'ambo ya lango mwaka uliopita na hatujapata neno lake. Bibi Nyemo alipokanyaga alitoka kilo arobaini na moja. Wa mwisho nilikuwa mimi. Nikamnyoosha Mbeli, Bibi Nyemo akampokea kupitia mlangoni, nikakanyaga. Kilo arobaini na tisa. Nikaandika. Watu arobaini, hakuna zaidi.

Nikapiga kidole. Hiki hapa, kitazame. Kimezeeka lakini ni kilekile.

* * *

Dereva wetu aliitwa Lukelo, Mhehe wa Iringa, mrefu mpaka magoti yake yanagusa usukani. Kwa kuwa Wahehe ni watani zetu sisi Wagogo, hatukumaliza hata kilomita tano kabla vita havijaanza. Chidawali, fundi baiskeli wetu, aliyekuwa haishiwi maneno hata akiwa na homa, akamuuliza kama njiani kuna mbwa wa kutosha kwa chakula chake cha mchana. Lukelo akamjibu kwamba alikuwa na wasiwasi na jambo moja tu, kwamba Wagogo arobaini wakifika langoni wakiomba wote kwa pamoja, lango litaanguka. Tukacheka. Ilikuwa saa moja asubuhi, jua halijawa adui bado.

Mimi nilikaa mbele kwa ajili ya upimaji. Niliona gari halizidi hamsini na mbili hata kwenye tambarare. Nikamwambia, mtani, barabara ni nyeupe, mbona tunakwenda kama wanaosindikiza maiti?

Lukelo akaniambia nitoe mkono dirishani, kiganja kikitazama mbele. Nikautoa. Upepo ukanisukuma kama mtoto anayesukuma mlango. Akaniambia nisubiri. Tulipofika mteremko mmoja mrefu, Karani alizima mafuta kabisa akaliacha gari litiririke lenyewe, na sindano ikapanda mpaka themanini. Mkono wangu ukarushwa nyuma nikagonga kiwiko kwenye chuma.

Akanieleza wakati nasugua kiwiko. Mwendo ukizidi mara mbili, upepo hauzidi mara mbili, unazidi mara nne. Gari likikimbia, mafuta mengi hayaendi kwenye magurudumu, yanakwenda kupigana na hewa. Nikasema basi tutembee ishirini, tutafika na tangi limejaa. Akatikisa kichwa. Injini inakula hata ikiwa imesimama, akasema, kama wewe unavyokula hata siku usiyolima. Ukitembea polepole mno unatumia gia ndogo, injini inazunguka mara nyingi kwa hatua chache, na unailisha saa nyingi zaidi. Kwa gari lile, kwa barabara ile, mwendo wenye nafuu kuliko yote ulikuwa hamsini na mbili. Karani alikuwa ameshaupata.

"Na uzito?" nikauliza.

"Uzito unaulipia kila unapoanza, kila unapopanda na kila unapoingia mchangani. Tambarare ya lami haukuumizi sana. Lakini mbele kuna lami?"

Mbele hakukuwa na lami. Mbele kulikuwa na mchanga na vilima vya Ikowe, kimoja baada ya kingine.

Kwenye kilima cha kwanza injini ilibadilisha sauti. Nilihisi kiti kinatetemeka. Tulipofika juu, Karani akaongea kwa mara ya kwanza, taratibu, kama anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Gari ni zito kuliko daftari. Zimezidi kilo mia mbili sabini na tisa. Mzigo huu ni nini? Nani anaujibia?"

Nyuma kina mama wakakaza khanga za migongoni.

Lukelo hakunitazama mara moja. Alipita mashimo mawili kwanza. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyuma kuna magunia. Nikamwambia hakuna magunia. Mbeli alikuwa amelala, mate yanachuruzika shingoni mwangu. Lukelo akamtazama, akageuka akachungulia nyuma kwenye kioo, akawaona wote, migongoni na mapajani.

Akanieleza ile sheria, nami nakueleza wewe kama nilivyoisikia. Ilitungwa kwa ajili ya wanaoficha bidhaa. Mzigo usio na jina haupiti langoni. Ukishatajwa, unaandikwa na unaendelea na safari. Lakini yule anayeujibia anashuka kwenye kituo kinachofuata, ili gari liwe jepesi kwa uzito wake, na anasubiri gari la pili.

Nikamuuliza gari la pili linakuja baada ya muda gani.

Akasema yeye ameendesha njia ile miaka sita, na hajawahi kupishana nalo.

* * *

Karani aliuliza tena baada ya nusu saa. Maneno yaleyale. Na tena. Wewe umewahi kuulizwa jambo na mtu asiyekasirika? Mtu akikasirika unajua atachoka. Huyu hakuwa na cha kuchoka.

Tulipita kituo cha kwanza bila kusimama, ila Karani alipunguza mwendo kwa sababu ya kona, na wote tulikiona vizuri. Kibanda cha bati kisicho na kuta. Bango limeandikwa GARI LA PILI LITAKUJA. Chini ya bati kuna birika limekaa juu ya mafiga matatu, na kando yake ndara zimepangwa mbili mbili, nadhifu, kama za watu walioingia msikitini. Hapakuwa na watu. Hapakuwa na nyayo pia, upepo ulishazifuta.

Mwanamke mmoja nyuma akajifunika uso kwa khanga.

Lukelo alipiga hesabu kwa midomo. Kwa uzito ule, akaniambia, mafuta yataisha kilomita ishirini na nne kabla ya lango. Nikasema tutatembea kwa miguu. Akanikumbusha kwamba lango linafungwa saa kumi na mbili jioni, na likifungwa ni siku nane. Mtu mzima anaweza kutembea kilomita ishirini na nne. Kisha akakaa siku nane mbele ya chuma, akiwa na mtoto, kwa maji gani?

Hilo la maji tuliliwaza mapema. Karani alikuwa ameliwaza kabla yetu.

Ilikuwa saa tano. Tulikuwa na tangi la maji nyuma ya gari, lita mia tatu na sitini. Karani akasema, "Maji yatapunguzwa lita mia mbili. Zitabaki lita nne kwa kila jina lililoandikwa." Kabla hatujaelewa, tukasikia bomba linafunguka.

Sijui nikuelezeje sauti ile. Umeshazoea maji ya kumwagika, wewe. Sisi tulikuwa hatujayasikia yakimwagika kwa miaka minne. Watu wakakimbilia madirisha ya nyuma. Utepe mweusi ulikuwa unajichora barabarani nyuma yetu, unakauka ukiwa bado unachorwa. Wanaume walipiga teke sakafu ya chuma palipokuwa na bomba. Chidawali akatoa mkono dirishani mpaka kwapani, akitafuta koki, hakuifikia.

Akarudi mbele, jasho linamtoka, akamwambia Lukelo kwamba yeye amepata dawa. Tuyanywe. Kila mtu anywe mpaka ashindwe kupumua, basi tangi litakuwa jepesi.

"Ukiyanywa bado umeyabeba, mtani," Lukelo akasema.

Chidawali akacheka kidogo, cheko la kusikitisha, akasema lo, ndiyo maana mnatuita wajinga. Akaenda kukaa.

Mimi nilikuwa nimebaki na lile neno. Lita nne kwa kila jina lililoandikwa. Majina yalikuwa arobaini. Mimi ndiye niliyeyaandika. Niligeuka nikawatazama wale wadogo, wengine wamelala, mmoja anagonga dirisha na kijiko akifurahia maji yanavyometameta, na nikaelewa kwamba katika gari lile hawakuwa na tone hata moja. Tuliwaficha ili kifo kisiwaone. Na kweli hakikuwaona. Lakini maji nayo hayakuwaona.

Nilikwenda kwa Bibi Nyemo. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo umeegemea ubavu wa gari, fimbo mapajani. Nikamwambia yote: sheria, kilomita ishirini na nne, lango. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nikamwambia bibi, inabidi tuwataje. Akaniuliza nani atawataja. Nikasema sijui. Akaniuliza kama nimesahau ule mwaka wa madaftari. Nikasema sikuwepo.

"Mimi nilikuwepo," akasema. "Nilizika kwa mikono hii hii ninayozalishia. Usije kwangu na maneno ya kisanduku."

Nikarudi mbele. Nilimchukia siku ile, acha nikwambie ukweli. Nilimchukia kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujichukia mimi.

* * *

Kituo cha pili Karani alisimama, akafungua mlango, akauliza. Kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, Lukelo akaruka chini akaanza kufungua gurudumu la akiba. Watu wakaelewa. Likashuka gurudumu, ikashuka jeki na sanduku la spana, yakashuka masufuria yote mawili, mabenchi ya mbao, viatu, mikanda, hata redio ya Chidawali, aliyopanda nayo chini ya shati na kuikumbatia tangu Nhambi kama mke. Aliishusha taratibu akaielekeza uso kivulini.

Nilikuwa nakadiria kwa macho, ndiyo kazi pekee niliyoijua. Nikasema zimefika arobaini. Karani akathibitisha: arobaini. Mlango ukajifunga, tukaondoka tukiwa miguu mitupu, tumekaa kwenye chuma cha moto.

Nitakufanyia hesabu ile, ni nyepesi. Mia mbili sabini na tisa, toa mia mbili za maji, toa arobaini za vitu. Zilibaki kilo thelathini na tisa.

Nadhani kila mtu ndani ya gari aliipiga hesabu hiyo. Hakuna aliyeisema. Lakini nilianza kuona macho yanapita kwenye miili ya watu. Unamtazama jirani yako, unaona mabega, mapaja, unakisia. Watu walioshiriki mazishi na harusi miaka yote, sasa wanapimana kama kuku mnadani. Mama mmoja alijifunga khanga yake vizuri zaidi, aonekane mwembamba au mnene, sijui alitaka lipi.

Tulifika kituo cha tatu saa tisa na dakika arobaini. Kibanda kilekile cha bati, bango lilelile. Hapa hakukuwa na birika. Kulikuwa na mkeka umekunjwa, umewekwa jiwe juu usipeperuke.

Karani akazima injini. Safari nzima ile tulikuwa hatujasikia kimya. Mlango ukafunguka.

"Zimezidi kilo thelathini na tisa," akasema. "Mzigo huu ni nini? Nani anaujibia?"

Lukelo akageuka akatuambia sote, akitamka polepole ili hata aliye nyuma kabisa asikie. Kutoka pale hadi langoni ni kilomita tisini. Tukiondoka kabla ya saa kumi na robo tunafika. Baada ya hapo hatufiki. Na hiki ni kituo cha mwisho, Karani hatawasha injini mpaka ajibiwe. Yeye mwenyewe hawezi kushuka na kubaki, maana bila dereva gari halina ruhusa ya kutembea; alishajaribu kuuliza, akasema, na akainamisha uso.

Dakika thelathini na tano.

Sasa, mjukuu wangu, wewe unajiuliza kwa nini mimi sikujibu. Uliza. Nimejiuliza kwa miaka hamsini na nane. Kidole kilikuwa changu. Kilo zangu arobaini na tisa zilitosha na baki ya kumi. Nilijua mzigo ni nini, nilijua sheria, na nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye kile kisanduku. Nilifungua mdomo. Mbeli akanishika sikio, kama anavyofanya akitaka kunyonya, akalivuta. Nikawaza: nikishuka naye, kwenye mkeka ule. Nikishuka bila yeye, nani atampa titi? Nikaufunga mdomo. Na kila mama mle ndani niliona anafungua na kufunga mdomo vilevile, kama samaki. Wanaume walitazama vidole vya miguu yao. Chidawali alinyanyuka nusu, akaketi. Akanyanyuka tena, akaketi akilia bila sauti.

Dakika kumi zikapita. Kumi na tano. Bati la kile kibanda lilikuwa linalia kwa joto, ta, ta, ta.

Ndipo nikasikia fimbo.

Bibi Nyemo alikuja katikati ya watu na ule mwendo wake wa kukanyaga makaa. Alipofika mbele alisimama karibu yangu, akaingiza mkono chini ya nguo, kiunoni, akavuta shanga. Uzi mmoja mrefu, shanga ndogo za udongo za kila rangi, nyingine zimefifia, nyingine mpya. Akauweka mikononi mwangu.

"Wa kwako ni ile ya bluu," akaniambia. "Iko karibu na fundo."

Sikuelewa. Akaniambia nihesabu, mimi si ndiye msomi. Nikahesabu kwa ncha ya kidole, nikafika thelathini na moja. Nikamtazama.

"Ulidhani mkunga analala usingizi bila kujua nani yupo na nani hayupo?" akasema, kwa sauti ya chini, ya aibu kidogo, kama mtu aliyekutwa anakula mchana wa Ramadhani. "Anayezaliwa naitia. Anayekua akaacha kubebwa, au anayekufa, naitoa. Miaka yote. Niliwakataza ninyi ili nihesabu mimi peke yangu, kifo kikija kuuliza kinikute mimi."

Alifunga nguo yake upya, akakaza. Akamgusa Mbeli utosini kwa kidole kimoja. Kisha akainama mpaka uso wake ukawa karibu na kile kisanduku, kama anayemchungulia mgonjwa.

"Wewe," akakiambia, "hujui kutega. Anayetega huwa na jibu lake mfukoni. Wewe umetutega toka asubuhi na mfukoni huna kitu."

Karani hakukasirika. "Nani anaujibia?" akauliza.

"Nyemo, mkunga wa Nhambi. Kilo arobaini na moja. Mpimaji huyu hapa, alinipima mwenyewe."

"Imeandikwa. Utashuka. Mzigo huu ni nini?"

Mkono wake ulinitafuta bila kunitazama, ukaushika ule uzi nikiwa bado nimeushika. Nyuma, wanawake walianza kuziba masikio ya watoto wao kwa viganja, mmoja baada ya mwingine, hata mimi nikaziba ya Mbeli kwa mkono uliobaki. Saa ya Karani ilionyesha kumi na dakika tatu. Bibi Nyemo akavuta pumzi, ile pumzi ndefu aliyokuwa akituamuru kuivuta kabla ya kusukuma.

"Ni watoto," akasema. "Ni thelathini na moja, na kila mmoja ana jina. Andika."